Wimbo Uliompeleka Komadre Felicitas Mbio Makaburini

Mtaa wa Kiwanda cha Barafu,
Santa Rita ya Upepo.
Jumatatu, baada ya misa.

Kwa Mheshimiwa Floriberto Matus,
Mkuu wa Bendi ya Mtaa, ambaye pia ni mjukuu wangu.

Mheshimiwa,

Vua kofia kwanza, ndipo usome. Adabu haikuja na klarineti, na wala haiondoki nayo.

Jana nilikuja kwako kulalamika kwa mdomo, kama binadamu anavyolalamika kwa binadamu mwenzake. Ulikuwa unasafisha hiyo klarineti yako na hukuinua macho. Ukanijibu, "Bibi, malalamiko ya bendi huletwa kwa maandishi, kama ya watu wengine." Mimi, niliyekufuta makamasi kwa upindo wa sketi yangu, nimekuwa watu wengine. Haya. Shule niliacha darasa la pili, mama aliponitaka nichague kati ya daftari na kapu la totopo. Nikachagua kapu, kwa sababu totopo ni mkate mkavu wa mahindi, na mahindi yanalika. Lakini kuandika najua, na leo utaniona.

Nasikia Jumamosi bendi inakaa kikao. Nasikia kwenye kikao hicho "Mtandio wa Petrona" unaondolewa kabisa kwenye nyimbo za mazishi, na mahali pake panakaa huu upuuzi wenu wa "Niwashie Feni". Ulisema mbele ya watu, pale kwa muuza kamba wakavu, kwamba nyimbo zina umri wake kama watu, na kwamba wimbo wa Petrona umebakiwa na wasikilizaji makaburini tu. Sasa mimi nakuuliza, Mheshimiwa: bendi ya mazishi huwa inakwenda wapi? Inakwenda sinema?

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili usiseme hukuyaona.

1. Wimbo mzuri haufi. Huu wa Petrona alizikwa nao babu yako, akazikwa nao baba yake babu yako, akazikwa nao mzee Hilario aliyekuwa hapendi kitu chochote duniani. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Niletee wimbo mwingine wenye sifa kama hiyo.

Tena ni wimbo wenye maana. Ubeti wa kwanza Petrona anafua mtandio wake. Ubeti wa pili amesimama kituoni anaiaga treni, na upepo wetu huu huu unaunyakua mtandio na kuupeleka upande ule treni ilikokwenda na mwanaume wake. Ubeti wa tatu ndio wenyewe. Huo mpya wenu una maana gani? Msichana ana joto, anataka feni. Amewashiwa feni. Bado ana joto. Mpaka wimbo unakwisha hajapona, na hakuna aliyefikiri kumpa maji.

2. Wabeba jeneza. Hapa, Mheshimiwa, ndipo ulipotuua. Unajua, kwa sababu nilikufundisha mwenyewe, kwamba kutoka kanisani mpaka makaburini wanaume hubadilishana mabega kwenye kiitikio. Wa kulia anapita chini, anakwenda kushoto, na wa kushoto anakwenda kulia. Ndivyo wanavyofanya tangu kabla reli haijafika hapa, na ndiyo maana hakuna mwanaume wa mtaa wetu aliyepinda bega. Kiitikio cha Petrona huja taratibu, mtu ameshachoka kidogo, ameshafikiria dhambi zake kidogo.

Sasa Jumatano, kwenye mazishi ya Felicitas, ukapiga "Niwashie Feni", ambao ni kiitikio kitupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Macedonio muuza nyama na wenzake ni watu waliolelewa. Wakasikia kiitikio, wakabadilisha mabega. Wakasikia kiitikio, wakabadilisha. Hawajaweka mguu chini vizuri, kiitikio. Jeneza la komadre Felicitas likaanza kuzunguka. Miguu ikatangulia, halafu kichwa, halafu miguu tena, na Macedonio anapita chini anatokea juu kama mtu anayetafuta kuku chini ya kitanda. Mama huyu ndiye aliyemshika baba yako siku ya ubatizo, ndiyo maana tukaitana komadre, na wewe ukampandisha kilima anazunguka kama hiyo feni yenyewe.

3. Kilio. Sisi wanawake tuna utaratibu wetu na hatuombi ruhusa kwa mtu. Ubeti wa kwanza mtandio uko kichwani. Ubeti wa pili tunafungua nywele. Ubeti wa tatu tunalia, sote kwa pamoja, mpaka ndege wanahama kwenye miti ya kiwanja. Kwenye huu wimbo wenu mtu analia wapi? Komadre Crescencia alijaribu. Alitafuta pa kuingilia kama mtu anayetaka kupanda gari linalokwenda, mwishowe akajitosa pale wanaposema "joto limenizidi", akapiga ukelele wake ule wa zamani. Watu wakadhani anazimia. Wakamkalisha kwenye ngazi ya duka la dawa wakampepea kwa kipande cha boksi. Hakufika makaburini. Tangu Jumatano hajanisemesha, kana kwamba wimbo niliupiga mimi.

4. Padri. Padri Anselmo ni mzito, tunajua, ndivyo Mungu alivyotupa. Anakunywa chokoleti yake kwa dada yake nyuma ya soko, na anaposikia Petrona amefika kituoni ndipo anatafuta viatu. Ana mtindo huo tangu amekuja kijana. Safari hii alikuwa anamsubiri Petrona, na Petrona hakuja. Alisikia feni, akadhani ni sherehe ya kijana wa watu, akaongeza kikombe.

Kwa hiyo tukafika makaburini hatuna padri. Tena tukafika upesi mno, kwa sababu huwezi kutembea polepole na muziki ule, hata ukijishika. Mchimba kaburi alikuwa bado yumo ndani, anakula tamale za mahindi za mkewe, na akatuomba tumsubiri amalize. Felicitas, ambaye maisha yake yote hajawahi kupita mlango wa mtu bila kukaa kusema habari za wengine, kwa mara ya kwanza alifika mahali kabla ya wenzake. Na hakukuwa na mtu wa kumpokea.

5. Hili la tano sikutaka kuliandika, lakini wewe ndiye uliyetaka maandishi.

Pale kwenye kona ya kiwanda cha barafu, kilima kinapoanza, nilikuwa nyuma ya jeneza, nywele zimefunguliwa, sura nimeitengeneza. Huyu Felicitas tumekaa soko moja, meza yake na yangu zimegusana, tangu mimi sijaolewa. Asubuhi ananikopa chumvi, jioni ananisimulia uongo. Nilikuwa nimejiwekea machozi yangu yote kwa ajili ya ubeti wa tatu. Nikainua macho, nikaona jeneza limegeuka tena, na ule mkono wa Macedonio unatokea upande usiotarajiwa, na nikasikia kichwani sauti ya Felicitas kabisa, kama yuko pembeni yangu, anasema, "Waambie wasimame, nimeshazunguka vya kutosha, sasa nirudishwe nyumbani."

Nikacheka, Floriberto. Mimi, Eustorgia Matus, nilicheka kwenye mazishi. Kicheko kilinitoka chote na meno yangu karibu yakifuate. Nikajaza mtandio mdomoni, haikusaidia. Komadre Tomasa, aliyekuwa kando yangu, akadhani nimezidiwa na uchungu, akanikumbatia ananipiga mgongoni, "Lia, komadre, lia." Kadiri alivyosema lia ndivyo nilivyozidi kucheka, na mahali fulani hapo juu ya kilima kicheko kikageuka kilio, sijui ni wapi, sikuwa na ubeti wa kunionyesha. Tomasa hajui mpaka leo. Ukimwambia, nakufuta ujukuu.

Hilo ndilo ulilonifanyia.

Sasa maombi yangu, nayo ni madogo.

Kwanza, "Mtandio wa Petrona" urudishwe, na kikao cha Jumamosi kiombe radhi. Si kwangu, mimi si mtu wa makuu. Kwa Petrona.

Pili, "Niwashie Feni" usipigwe mahali popote ambapo jeneza linaweza kusikia.

Tatu, vijana wote wa tarumbeta, hasa yule mwenye nywele zilizopakwa rangi ya boga, waje uani kwangu kila siku baada ya shule wajifunze Petrona mpaka wakiota wamwote yeye. Nitawapa totopo. Atakayekosea hali.

Nne, kwa kuwa hawatakuwa tayari leo wala kesho, naomba bendi itoe tangazo kwamba mpaka wimbo utakapojulikana vizuri hakuna mtu anayeruhusiwa kufa katika mtaa wetu. Najua wako watakaoona ni vigumu. Mimi binafsi niko tayari kusubiri. Tomasa siwezi kumsemea, ana kifua.

Tano, wote waliozaliwa baada ya tetemeko lililoangusha mnara wa kanisa wapewe mtihani wa Petrona, na atakayeshindwa asizikwe na bendi. Apelekwe na redio. Tuone atajisikiaje.

Usiniambie nyakati zimebadilika. Upepo ni ule ule, kilima ni kile kile, na watu tunakufa vile vile. Kilichobadilika ni wewe, umenunua viatu vyenye taa. Kizazi changu kimebaki kidogo sana mezani pale sokoni. Meza ya Felicitas wameigeuza ya kuuzia vifuniko vya simu, na kijana wa hapo ananiita "mama mkubwa" kama vile ananiuzia kitu. Kila ninapogeuka kumwambia mtu jambo, naona vifuniko vya simu. Nikiondoka na mimi, nataka nisikie kitu ninachokijua. Sidhani kama naomba mbingu.

Nasubiri jibu lako, kwa maandishi, kama la watu wengine.

Nisalimie mkeo, mwambie chungu changu alikichukua Pasaka na Pasaka nyingine inakuja. Nisalimie watoto, isipokuwa yule mdogo anayenitolea ulimi, huyo mpe kibao kisha umsalimie. Nisalimie mpiga ngoma, ndiye peke yake aliyeonekana ana aibu siku ile. Nisalimie Macedonio, umuulize bega lake linaendeleaje. Na wote wa bendi wanaonifahamu, na wasionifahamu wajitahidi.

Ni mimi, bibi yako na mlalamikaji,
Eustorgia Matus, muuza totopo.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu cha jibini, kwa hiyo usijali mafuta.

Jioni hii niliwaita Tomasa na Crescencia uani, maana Crescencia amenisamehe, tuuandike wimbo wote wa Petrona kwa ajili ya wale vijana wako. Ubeti wa kwanza tukauimba vizuri. Ubeti wa pili tukauimba, Crescencia akafungua na nywele kwa mazoea. Tukafika ubeti wa tatu. Tomasa akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Crescencia. Tomasa anasema Petrona alipanda treni iliyofuata. Crescencia anashikilia kwamba alizama mtoni, na kwamba yeye amekuwa akimlilia kwa ajili hiyo maisha yake yote. Mimi nilidhani aliolewa na mkuu wa kituo.

Hatuujui, Floriberto. Hakuna anayeujua. Ninyi wa bendi mna vyombo midomoni, hamjawahi kuimba neno. Na sisi wanawake, kila ulipofika ubeti wa tatu, tulikuwa tunalia. Aliyekuwa anauimba ni Felicitas. Alikuwa hasikii vizuri sikio la upande wa bendi, kila mara alichelewa kuanza kulia, kwa hiyo aliuimba mpaka mwisho peke yake, na sisi tukilia juu ya sauti yake. Ameondoka nao. Halafu mjukuu wa Tomasa akapita na pikipiki yake inapiga ule upuuzi wenu, na nikaona mguu wa Crescencia unatikisika chini ya sketi. Nikatazama chini. Na wangu. Tena maneno yote tunayajua, sisi watatu, kuanzia joto la kwanza mpaka la mwisho, na hakuna aliyetufundisha.

Basi achana na hiyo mitihani. Siku yangu ikifika utafanya hivi. Kutoka kanisani mnapiga Petrona, beti mbili, taratibu, ili Padri apate kuvaa viatu. Mkifika kona ya kiwanda cha barafu mnasimama. Mahali pa ubeti wa tatu, pale kilima kinapoanza, mnapiga "Niwashie Feni", kwa nguvu, na huyo wa nywele za boga aniongoze. Usiwaambie watu ni mimi niliyetaka; sema ni kikao. Na Jumamosi hii, baada ya kikao, mwite Macedonio na wenzake, uwape jeneza tupu, uwafanyishe mazoezi kilimani mpaka wajue kubadilisha mabega kila kiitikio cha tatu, siyo kila kimoja, na miguu yangu isitangulie.