Ombi la Kuahirisha Kodi ya Dizeli

Jumatatu, 3 Machi
Serikali yataka kutoza kodi ya dizeli mwezi ujao, na mapato yake yawanunulie wasagaji mota za umeme. Mke wangu, mwenye mashine ya kusaga, amefurahi. Moshi wa injini umemharibia kifua. Nilimweleza kwamba jambo zito halifanywi kwa pupa. Akajibu kwamba kifua chake hakijui neno pupa. Hata hivyo nimewasilisha ombi, lenye “kwa heshima na taadhima” mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Ombi limekubaliwa. Kodi imesogezwa miaka miwili. Mota nazo vivyo hivyo. Karani alitanguliza pole: kodi itakayokuja itakuwa maradufu, ili kufidia muda uliopotea. Sikuona haja ya kulifikisha hilo nyumbani. Nimenunua mapipa sita ya dizeli kabla haijapanda bei, nikayahifadhi katika chumba cha unga, ndicho kikavu.

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe mtaa mzima umewaza kama mimi. Kituo cha mafuta kimekauka, bei imeruka. Shemeji, kaka wa mke wangu, alisema nimefanya kazi nzuri: tunalipa kama waliotozwa kodi, ila mota hatuna. Nilimkumbusha kuwa mimi ni mkubwa wake.

Jumatano, 12 Machi
Pipa moja lilikuwa likivuja. Unga wote unanuka. Bibi mmoja aliuliza kama ni wa kupika au wa kutia kwenye lori. Wateja wamehamia kwa Bi Mota, jirani aliyejinunulia mota yake zamani, nami nikamcheka. Mke wangu alifagia unga peke yake, akikohoa. Nilishika ufagio wa pili. Alininyang’anya, akausimamisha ukutani. Laiti angenigombeza.

Ijumaa, 14 Machi
Mashine imefungwa. Mke wangu ameajiriwa kwa Bi Mota. Alitoka alfajiri na chekeche lake kwapani. Nyumba imepoa. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kunikalia mapajani.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari kwa kina, na kosa nimelitambua: miaka miwili ilikuwa michache mno. Ombi jipya laomba mitano. Jioni nilimsomea mke wangu, aliyejinyoosha mkekani kwa uchovu. Leo hakukohoa hata mara moja. Alisinzia kabla sijafika kwenye “Aidha”.