Mwezi wa Kusukuma

Jumanne, 2 Januari 2018

Nimesema uongo leo, saa nne asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu. Nauandika ili nisisahau nilivyousema.

Madam Hala alikuwa mezani. Daktari amemwambia sukari imepanda, atoke nje afanye mazoezi. Basi ameagiza baiskeli. Si ya kwendea dukani! Ya milimani, magurudumu manene, gia ishirini na saba. Anataka kuiendesha Wadi Hanifa, lile bonde la hapa Riyadh lenye mfereji wa maji na njia ya changarawe katikati ya mitende. Shida ni kwamba hajapanda baiskeli tangu azaliwe. Baba, yaani mume wake, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema itatufaa kuanikia nguo.

Mimi nilikuwa napiga pasi. Niliposikia Wadi Hanifa nikaweka pasi chini. Nikamwambia Madam, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba Kenya nilikuwa mwalimu wa baiskeli. Miaka minne nikiongoza watu kwenye njia za msitu wa Aberdare, matope, mianzi, baridi. Akanitazama sana. Akauliza mbona sikuiandika kwenye fomu za ajenti. Nikajibu kwamba fomu iliuliza kupika na kufua tu.

Ukweli ni huu. Sijawahi kupanda baiskeli. Nimeisukuma. Ya baba yetu, kule Ndaragwa, ilikuwa ya mitungi ya maziwa, na hakuna msichana aliyeruhusiwa kuikalia. Mimi na mdogo wangu Damaris tuliisukuma hadi lami kila asubuhi, miaka tisa, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Huyo Damaris ndiye sababu. Tulikuja Saudia ndege moja, Mei 2016. Pale uwanjani kafili wake, yaani mwajiri, alimwita, wangu akaniita, yeye akatoka mlango wa kulia na mimi wa kushoto. Sikumuaga. Nilikuwa natafuta begi. Tuko mji mmoja na sijamwona tena. Simu yake hukaa kwa madam wake. Anapewa dakika kumi kwa mwezi, nazo humpa mtoto wake aliye kwa mama. Katika hizo dakika alitaja kwamba wakati wa baridi familia yake hubeba mkeka na thamosi kila Ijumaa, wakaketi Wadi Hanifa kwenye daraja la mawe. Mama akaniuliza kama basi huwa tunaonana huko. Nikasema ndiyo, kila Ijumaa. Akamuuliza Damaris. Naye akasema ndiyo! Ukoo wetu wote ni waongo, na nia ni njema tu.

Sasa mama anataka picha yetu sote wawili, aionyeshe kanisani siku ya Pasaka.

Ningemwambia Madam ukweli? Mwaka jana nilimwomba siku moja tu nikamwone mdogo wangu. Alisema atafikiria. Bado anafikiria.

Ijumaa, 5 Januari

Msiba. Madam amenunua baiskeli mbili. Amesema mwalimu hawezi kutembea kwa miguu. Yangu ni ya kijani.

Tulifika Wadi baada ya sala ya alasiri. Dereva wetu, Solomon, Mkenya mwenzangu, alishusha baiskeli kwenye gari akisonya. Madam alivaa abaya fupi ya michezo na kofia ngumu. Akasimama mbele yangu akingoja elimu. Nikakohoa. Nikamwambia kwamba Kenya hatupandi ovyo. Mwezi wa kwanza ni wa kusukuma. Mikono izoee chuma kwanza, miguu ifuate. Akaandika kwenye simu yake.

Tukasukuma. Kilomita mbili kando ya mfereji, kimya, kama watu wanaopeleka mgonjwa hospitali. Vijana wa Kisaudia wakatupita wakipiga kengele. Madam akawahurumia, kwamba hawakupata msingi.

Kwenye daraja la mawe nilitazama kila mkeka. Hakuna Damaris. Nikamuuliza mzee mmoja anayeokota taka. Akasema madaraja ya mawe yako manne.

Jumatatu, 8 Januari

Solomon amenikamata. Alikuwa anaosha gari, akaniambia nisukume ile ya kijani hadi kivulini. Nikaisukuma. Akatazama mikono yangu: wa kushoto kwenye usukani, wa kulia nyuma ya kiti. Akasema hivyo ndivyo watu hushika baiskeli yenye mzigo, na mimi sijawahi kukaa juu ya baiskeli hata siku moja. Kumbe alikuwa boda boda wa baiskeli Busia, miaka sita! Kati ya madereva wote wa Riyadh, mimi nikapewa huyo.

Nikajaribu kumweleza kwamba Aberdare ina mtindo wake. Alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Kisha akataja bei ya kunyamaza: chapati sita kila Ijumaa, za tabaka. Nimekubali. Nitamnyima mafuta. Atakula kavu.

Ijumaa, 12 Januari

Somo la pili, daraja la pili. Madam aliuliza gia ni za nini. Nikasema gia ni za wiki ya saba. Hakupinga. Ni mwanafunzi mzuri kuliko nilivyotarajia, na hilo linanisumbua moyo.

Karibu na daraja nikaona mwanamke aliyenipa mgongo, abaya nyeusi, anatembea kwa kuburuta mguu kidogo kama Damaris. Nikaiachilia baiskeli. Nikakimbia, nikamshika bega. Alikuwa Mwethiopia. Alishtuka, kisha akaniona uso, akanipa tende tatu bila kuuliza. Sijui aliona nini usoni kwangu.

Niliporudi, baiskeli yangu ilikuwa imeviringika mpaka ndani ya mfereji, matete yameifunika, bata wanaisonga. Madam akauliza hilo ni somo gani. Nikasema ni somo la kuachilia. Baiskeli lazima ijue kwamba humwogopi. Akafikiri kidogo. Akavuta pumzi. Akaiachilia yake pia.

Solomon alizitoa zote mbili majini, suruali imekunjwa hadi magotini, chapati mdomoni. Alinitazama tu.

Jumapili, 14 Januari

Mama amepiga. Damaris hajapiga mwezi huu. Siku yake ilikuwa tarehe sita na imepita.

Nikasema Damaris ni mzima, nilimwona juzi, tulikula tende. Mama akasema haamini sauti za simu tena. Binti wa jirani yetu pale juu alikuwa na sauti nzuri tu kwenye simu, akicheka, na wiki mbili baadaye walienda kumpokea Nairobi akiwa ndani ya sanduku. Mama anataka kuona uso. Akasema kama huonana naye kila Ijumaa, picha inashindikana vipi?

Nikamwambia kamera yangu ina ukungu. Nikaingia stoo ya sabuni, nikalia. Naogopa. Nikiandika siogopi nitakuwa nadanganya hata daftari.

Ijumaa, 19 Januari

Nimesalitiwa. Madam amepanda baiskeli!

Kumbe wiki hii, nikiwa jikoni, Solomon amekuwa akimfundisha uani. Yeye husimama langoni kwa heshima, amempa mgongo, na kupaza sauti kwamba atazame mbele, si gurudumu. Siku nne tu. Leo pale Wadi Madam aliketi, akayumba mara mbili, akaenda. Abaya inapepea, anacheka kama msichana. Akapita chini ya mitende, akapotea. Nikabaki na ya kijani, nikiisukuma.

Nilifika daraja la tatu jua likishuka. Mikeka kumi na moja. Hakuna Damaris.

Madam alinisubiri hapo, uso umeng'aa. Akasema ule msingi wa kusukuma ndio umemsaidia. Ijumaa ijayo, akasema, tutaanzia kilimani juu ya daraja la nne, sote tumepanda, na mwalimu atatangulia. Solomon akainamisha kichwa kama mtu aliye mazishini. Mwovu yule.

Jumatano, 24 Januari

Nimefikiria kuugua. Lakini nikiugua sitafika daraja la nne, na la nne ndilo lililobaki.

Solomon amejitolea kunifundisha, jioni, uani, bila chapati. Alisema kwa upole kwamba nitaumia. Nimekataa. Mwalimu akionekana anafundishwa, halas, kazi imekwisha. Zaidi ya hayo nimeshapata suluhisho. Kutoka kile kilima hadi darajani ni mteremko mtupu. Hakuna haja ya kukanyaga pedali. Nitakaa tu. Mteremko utafanya kazi yake.

Sioni kasoro yoyote.

Ijumaa, 26 Januari

Naandika mguu ukiwa juu ya mto.

Nilikaa. Hiyo ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri. Baada ya hapo changarawe ikaanza kukimbia chini yangu, migunga ikanipita, Madam nyuma akipaza sauti mashallah, mashallah. Nikakumbuka breki. Sikukumbuka ziko wapi. Abaya ikaingia kwenye mnyororo, usukani ukageuka wenyewe, nikaiacha njia, nikashuka nyasini, nikaona mkeka, thamosi, sinia la tende na bibi mzee kwenye kiti cha plastiki. Woi, Ngai! Watoto wakatawanyika. Thamosi ikaruka. Nikasimama miguuni pa bibi mzee, nimelala, gurudumu bado linazunguka.

Mtu akaja na maji na kitambaa. Nikaona mkono kwanza. Kovu kwenye kidole gumba, pale mtungi wa maziwa ulipombana akiwa na miaka kumi.

Alikuwa Damaris.

Mzima. Amekonda, lakini mzima. Nikafungua mdomo, na yeye akanikazia macho kwamba ninyamaze. Madam wake alikuwa amesimama hatua tatu, mikono kiunoni. Basi Damaris akaninyooshea kidole usoni, akaanza kunifokea kwa Kikikuyu kama mtu anayemgombeza kichaa.

Akafoka kwamba mimi ni mjinga, nimejua baiskeli lini? Akafoka kwamba nimenenepa, na anamshukuru Mungu kwa hilo. Kwamba Novemba alipasuliwa kidole tumbo, amepona, na nikimwambia mama atanichinja. Kwamba mwezi huu hakupiga kwa sababu simu iliingia kwenye mashine ya kufulia. Kwamba kila Ijumaa hutazama wanaopita, ajue kama mmoja wao ni mimi. Kidole kinatikisika mbele ya pua yangu na machozi yanamtoka. Watu wote walidhani ni hasira ya kahawa.

Nami nikapiga kelele, nikishika goti. Nikasema nimemtafuta madaraja matatu. Nikasema anisamehe, siku ile uwanjani sikumuaga, nilikuwa natafuta begi. Akafoka kwa nguvu zaidi kwamba begi lenyewe lilikuwa lake, na sweta iliyokuwa ndani anaitaka.

Kisha akafunga kitambaa gotini, akakaza sana, na sauti ikamshuka. Akasema Jumapili wanahama. Bosi wake amehamishiwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Hapo hata kufoka hakuweza tena. Akanishika kisigino akidhani hakuna anayeona.

Madam wake akamwambia halas, amwache mwanamke wa watu. Madam Hala alikuwa amefika, akiomba radhi kwa Kiarabu kizuri. Zilikuwa dakika nne, labda tano. Damaris akaenda kuokota tende kwenye nyasi. Hakugeuka. Mimi ningegeuka.

Jumamosi, 27 Januari

Solomon amenitumia picha. Sikumwomba. Aliipiga akiwa amejificha nyuma ya gari. Inatuonyesha sote wawili, nyuso wazi kabisa: mimi chini, mguu hewani, kofia imenifunika jicho moja, Damaris juu yangu, kidole usoni.

Nilimshukuru. Akasema si kitu, ila zile chapati zilikuwa kavu. Nimeona aibu.

Nimemtumia mama. Amepiga hapo hapo. Alilia kwanza, muda mrefu, akisema asante Yesu, ni uso wake, ni uso wake. Kisha akajipangusa, akaniuliza kwa ukali nimemfanyia nini mdogo wangu hadi anipige mbele za watu. Nikasema ni utani. Hakuamini. Hakungoja Pasaka, ameionyesha kikundi cha akina mama leo leo, na mchungaji ameombea upatanisho wetu.

Jumanne, 30 Januari

Damaris yuko Jeddah. Tangu juzi. Karibu kilomita elfu moja.

Goti linapona. Madam amenistaafisha ualimu kwa heshima. Sasa Ijumaa huenda kuendesha baiskeli na Solomon tu, na sukari imeshuka. Ile ya kijani iko uani, naanikia soksi. Baba amefurahi sana. Amesema alijua.

Nimekaa na daftari hili nikalisoma lote tangu mwanzo. Nimeona kosa langu waziwazi. Sikupaswa kusema uongo wa kitu chenye magurudumu.

Asubuhi Madam alikuwa kwenye simu na dada yake, anayeishi Al-Safa, huko Jeddah. Nilikuwa napiga shuka pasi, sikuwa nasikiliza. Dada ana maumivu ya mgongo. Daktari amemwambia akaogelee baharini kila wiki, naye anaogopa maji, na hana wa kumfundisha. Madam akasema maskini, angepata mtu anayejua, hata wa kuazima kwa miezi michache.

Nikaweka pasi chini.

Nimemweleza kwamba kabla ya baiskeli nilifundisha kuogelea, Ziwa Naivasha, miaka sita, katikati ya viboko. Akanitazama sana. Akauliza mbona sikuiandika kwenye fomu. Lakini tayari alikuwa anampigia dada tena, na akaniuliza dada ajiandae vipi. Nikamwambia asiwe na haraka. Mwezi wa kwanza hatuingii majini. Mwezi wa kwanza ni wa kukaa ufukweni kila Ijumaa, na kutazama watu.