Ukuta wa Bwawa na Ndoo ya Chokaa

Jumanne, 8 Aprili
Mwalimu Elinipa, mwenyekiti wetu wa kamati ya bwawa, amesafiri kwenda Same kwenye msiba wa shangazi yake. Masikini. Mimi Telesphory, katibu, nakaimu. Nimeandika "Kaimu Mwenyekiti" mara tatu kwenye karatasi ya pembeni nione linavyokaa. Linakaa vizuri.

Na leo hii hii simu imepigwa: Ijumaa kuna ugeni. Mgeni rasmi anapita kuyaona mabwawa madogo ya kuzuia mafuriko, na letu la hapa Mkuza limo. Miaka minne risala anasoma mwalimu. Safari hii nasoma mimi. Mgeni akinisifu, uenyekiti mwakani ni wangu.

Watu wa bondeni, chini ya bwawa, wanauliza kama tuko tayari kwa mvua. Nimewaambia kwanza ugeni.

Jumatano, 9 Aprili
Nimekagua. Nyasi za kwenye tuta zitafyekwa. Tatizo ni ukuta wa utoro, yaani pale kwenye zege maji yanapotokea yakizidi. Una ufa. Tunaujua tangu Novemba. Fundi Lusajo aliuwekea mistari miwili ya rangi nyekundu, mmoja kila upande, sentimita kumi kamili kutoka mstari hadi mstari. Akaniagiza nipime kwa rula kila Ijumaa na kuandika daftarini. Ikifika kumi na moja nimpigie, na watu wa bondeni wahame siku hiyo hiyo.

Ijumaa mbili zilizopita sikupima. Rula aliazima jirani.

Sasa mgeni atauona. Ufa wenyewe ni mwembamba, mtu angeweza kupita bila habari. Ila ile mistari inamwita aje atazame.

Baada ya chakula nimepata wazo. Simenti kidogo, chokaa nyingi.

Alhamisi, 10 Aprili
Nimeziba ufa kwa simenti iliyobaki tulipojenga choo cha ofisi ya kamati. Kisha chokaa ukuta mzima. Chokaa kwenye mawe ya njiani. Chokaa kwenye vigogo vya miti mpaka usawa wa kiuno. Panapendeza kweli.

Mistari imekwenda na chokaa. Niliona brashi ikiwa imeshapita. Nilisimama kidogo, nikajiambia ufa ukishazibwa mistari ni ya nini.

Dada yangu Stellamaris, ambaye nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya bwawa, alipanda kuniletea uji. Akauliza kama ufa umepona. Nikasema umepona. Alifurahi mno. Alikuwa ameshapanga kupeleka kuku wake sitini na cherehani ya marehemu mama kwa binti yake Kabula, kule Vihingo, mpaka masika yapite. Akasema basi hana haja ya kuhangaika.

Uji ulikuwa mtamu. Sikuumaliza.

Ijumaa, 11 Aprili
Mgeni alichelewa kwa saa nne. Risala ilikuwa kurasa sita. Kwenye ya tatu alitazama simu, kwenye ya tano alitazama gari. Lakini alipofika ukutani akasema hajaona bwawa safi kama hili mkoa mzima. Kitabuni akaandika: Safi sana, hongereni.

Leo ilikuwa siku ya kupima. Hakuna cha kupima. Daftarini nimeandika: Safi.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua tangu jana. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, na matawi yetu tuliyatoa kanisani yakiwa yameloa.

Mwalimu amerudi. Hakupita nyumbani, alikwenda bwawani na begi mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Akauliza mistari iko wapi. Nikampa kitabu cha wageni. Hakukipokea.

Alikwangua chokaa kwa ufunguo wa mlango wake. Simenti yangu imepasuka katikati. Akampigia Lusajo, na Lusajo akauliza jambo moja tu: ni sentimita ngapi. Mwanamke aliyefundisha hesabu miaka thelathini, akakosa namba ya kumtajia. Aliniangalia, nikaangalia mawe.

Akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wahamie shuleni. Wamehama karibu wote. Dada amekataa. Akamwambia mwalimu kwamba Tele ameshamhakikishia, na Tele ndiye anayepima. Nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni. Ningesema kweli kwa sentensi moja tu. Nilinyamaza, kwa sababu mwalimu alikuwa anasikia.

Jumanne, 15 Aprili
Saa tano asubuhi kipande cha ukuta kimeng'oka.

Dada alitoka peku, maji yakiwa kiunoni, ameshika nguzo ya uzio mpaka majirani walipomfikia. Hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu, na naona haya kumshukuru.

Kuku wote wamekwenda. Jiko limekwenda. Cherehani tumeikuta mbali bondeni, imejaa matope, gurudumu halipo. Sare zetu zote za shule mama alizishona kwa cherehani ile. Dada aliitazama, kisha akanitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Nimekwenda Vihingo kwa Kabula kumwomba dada radhi. Mdomo wangu siuamini, kwa hiyo niliandika. Kurasa mbili. Nilipoanza kusoma nikakuta nimeanza na "Ndugu mgeni rasmi". Kabula akatoka nje haraka. Sijui alikwenda kucheka au kulia.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama nimemaliza. Akanimiminia chai, akaniwekea sukari mbili kama ninavyopenda, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Akasema ukuta ukijengwa atarudi, kwa sababu kaburi la mumewe liko kule. Ila anataka jambo moja. Kila Ijumaa nimpigie nimtajie namba. Iliyo kwenye rula, si ya kichwani kwangu. Nikaapa kwa jina la mama. Nililia kutoka Vihingo mpaka Kisarawe mjini, abiria wenzangu wakidhani nimefiwa.

Mimi si mtu yule tena.

Jumatano, 11 Juni
Ukuta umekamilika. Lusajo amechora mistari mipya, kila upande wa pale zege jipya linapokutana na la zamani. Anasema hapo ndipo pa kuangaliwa kuliko popote. Kamati imeniacha katibu, maana hakuna mwingine aliyeitaka kazi. Dada amerudi na vifaranga kumi na viwili. Ijumaa iliyopita nilipima, nikampigia: kumi kamili. Alisema asante, mdogo wangu. Ni mara ya kwanza tangu Aprili kuniita hivyo.

Mwalimu ameondoka jana kwenda Same kwenye harusi. Alinikabidhi rula mkononi, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Nakaimu.

Mchana simu imepigwa. Keshokutwa ugeni, tena mgeni ni yule yule.

Nimekwenda kuutazama ukuta. Mpya, mweupe, unapendeza, isipokuwa ile mistari myekundu. Mtu ataiona atadhani tuna ufa. Simenti siigusi, hilo nimeshajifunza. Nitapitisha chokaa tu, nyepesi, halafu wageni wakiondoka nitaichora upya pale pale. Napakumbuka vizuri.

Dada amepiga. Mawingu yamejikusanya upande wa Kisarawe, ana wasiwasi, hawezi kungoja Ijumaa. Ameuliza namba. Rula ilikuwa mfukoni na brashi ilikuwa mkononi, imeshalowa.

Nimemwambia kumi kamili.