Mikono Minne, Kibonyezo Kimoja

Jumatatu, 6 Machi 1826, Vienna

Habari mbaya. Ottilie Wranek amepata kazi Dresden, kutunga na kufundisha muziki kwenye nyumba moja ya kitajiri. Anaondoka Jumamosi kwa gari la posta. Miaka minne tunatunga pamoja, tunasahihishana, tunabishana mpaka kahawa inapoa, na hadi leo sijui mimi ni nani kwake. Rafiki? Mpenzi? Mwenzake wa kazi tu? Kumuuliza siwezi, ulimi unakuwa mzito.

Lakini nina mpango! Nitatunga wimbo wa mikono minne, watu wawili kwenye kinanda kimoja. Katika kipimo cha arobaini, yaani kifungu cha arobaini cha noti, mkono wangu wa kulia utapita juu ya mkono wake wa kushoto. Asipouondoa, ananipenda. Rahisi kabisa.

Jumanne, 7 Machi

Nimetunga kutwa. Kugusana mara moja niliona hakutoshi. Sasa mikono inakutana mara kumi na saba. Kichwa ninacho!

Jumatano, 8 Machi

Tumeupiga. Shangazi yake, Bi Kreszenz, alikuwa pembeni anashona, kama kawaida yake. Kipimo cha arobaini kikafika, mkono ukapita, na kiwiko changu kikampiga Ottilie kidevuni. Bi Kreszenz aliuliza bila hata kuinua macho, “Mnapiga kinanda au mnakanda unga?”

Ottilie alicheka mpaka akatoa machozi. Mkono aliuondoa, ila ni kwa kushika kidevu, kwa hiyo jaribio halihesabiki.

Alhamisi, 9 Machi

Zierer, yule mpiga filimbi mwenye sharubu, amempa glavu za manyoya za safari. Glavu! Kwa mikono ileile niliyoitungia wimbo! Sijawahi kumpenda Zierer.

Mchana Ottilie akanirudishia karatasi zangu. Akaniambia kwa upole kwamba mikono ilikuwa inagongana mara kumi na saba, kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na jana hakutaka kuniaibisha mbele ya shangazi. Amenirekebishia yote. Sasa mikono yetu imekaa mbalimbali kama majirani waliogombana. Nilimshukuru. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 10 Machi

Nilikwenda kuaga. Bi Kreszenz alipoingia jikoni kuangalia samaki wa Kwaresima, Ottilie akanipa bahasha. Kwanza aliibana kifuani kwa mikono yote miwili. Baridi, nadhani.

“Nimekutungia na mimi,” alisema. “Kitazame vizuri kipimo cha mwisho. Gari linaondoka kesho saa nne. Kama una la kuniambia, niandikie kabla.”

Juu ya bahasha ameandika “Kwa Kajetan”. Miaka minne ananiita Bwana Pruckner, leo Kajetan kavu! Haraka za safari zimemsahaulisha adabu. Nimemsamehe.

Jumamosi, 11 Machi

Niliamka mapema nikaupitia wimbo. Mtamu! Nimelia, nakiri. Lakini kipimo cha mwisho, maskini! Ametuandikia noti moja sote wawili. Kidole chake na changu juu ya kibonyezo kimoja cha kinanda, na juu yake alama ya kushikilia mpaka wapigaji wenyewe watakapochoka. Watu wawili kibonyezo kimoja! Uchovu huo.

Nami nimetenda kiungwana, kama alivyonitendea. Kwa wino mwekundu nimekihamisha kidole changu kule mwisho kabisa wa kinanda, mbali na chake, nikaandika pembeni asijali, hata mafundi hukosea. Nikampelekea kabla ya saa tatu.

Saa nne gari likaondoka kituoni, hapa mtaani kwetu. Alikuwa dirishani, hana glavu, ananitazama kwa namna ambayo sijaielewa. Bi Kreszenz, aliyekuja kumsindikiza, alinisogelea akaniambia, “Kajetan, wewe ni gogo.” Kisha akaenda zake akifuta macho. Huyu mama sijui nimemkosea nini.

Moyo unaniuma, sifichi. Na bado sijui mimi ni nani kwake! Lakini sikati tamaa. Usiku huu naanza wimbo mpya wa mikono minne, na humo mikono itagongana mara thelathini. Nitamtumia Dresden kwa posta. Safari hii lazima nipate jibu.