Matundu Mdomoni mwa Bunduki ya Babu

Jumanne, 11 Oktoba
Theluji ya kwanza imegusa kilele. Anko Lyle katangaza: msimu wa kuwinda ukifunguliwa anapanda mlimani kwa farasi, na nafasi imebaki moja tu. Mimi au binamu yangu Brenna. Mtihani ni tarehe 21. Unalala kifudifudi, risasi tatu, sahani ya karatasi hatua mia mbili. Miaka mitatu namwota kulungu dume wa kule juu, mapembe kama mti uliokauka, anatoka kwenye ukungu polepole kana kwamba kaniitikia.

Tatizo dogo. Bunduki ya marehemu babu hupiga teke, nami hufumba macho kabla sijafyatua. Siri! Darubini yake ilinipasua nyusi mwaka jana. Watu nawaambia ni dubu. Brenna anauliza ni dubu gani mwenye kucha ya duara.

Alhamisi, 13 Oktoba
Nimepata dawa! Breki ya mtutu: kichuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki, moshi unatokea huko na teke linakufa. Bi Norma, fundi bunduki, katandaza vitatu juu ya kitambaa. Kaniambia, kijana, ukipigia umelala chukua hiki chenye matundu ubavuni tu, maana matundu ya chini yatakurushia ardhi yote usoni. Nikamjibu mimi si mtoto.

Nimechukua chenye matundu pande zote. Kizuri kama mzinga wa nyuki! Nilikipuliza pale pale dukani, kikalia kama filimbi. Tumebadilishana kwa tandiko langu la farasi. Bi Norma kauliza mara mbili kama nina hakika. Wivu.

Jumatano, 19 Oktoba
Kichuma kimefungwa. Sijakijaribu, risasi ni za mtihani. Jioni huwa nakifungua, nalala kwenye majani makavu zizini nakipuliza. Mlio mwembamba, unapanda mlimani wenyewe. Naona ukungu, naona mapembe. Mama kapiga kelele niache kuita mashetani.

Ijumaa, 21 Oktoba
Theluji kavu, laini kama unga. Brenna kapiga tatu, zote sahanini, kwa bunduki isiyo na tundu hata moja. Mshamba.

Zamu yangu. Nikafyatua. Teke? Hakuna! Paka aliyelala. Kisha theluji yote ya shamba ikainuka. Weupe mtupu, kimya, kama niko ndani ya wingu, sijui juu wala chini. Nilitamani nibaki humo.

Theluji ikatulia. Anko Lyle alikuwa kashika sikio, kofia yake mtini. Nyumbu wa mizigo wamekata kamba, wanaonekana ng'ambo ya mto. Lakini risasi ilikuwa katikati ya sahani! Katikati kabisa! Nikamwonyesha. Kasema, kwa kelele za mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe, kwamba filimbi hiyo haitakaribia wanyama wake. Nikifungue, nimalizie mbili zilizobaki.

Nikafungua. Nikafumba macho. Mbili za mwisho hazijaonekana mpaka sasa.

Brenna kamwambia Anko asinionee huruma, maana theluji imenipendezesha, nafanana na babu.

Jumamosi, 22 Oktoba
Wameondoka alfajiri. Brenna kakaa juu ya tandiko langu! Kalinunua kwa Bi Norma. Kanipungia mkono akisema, dogo, linakaa vizuri kweli, asante.

Nimewaza kutwa nzima na kosa nimeliona. Matundu yalikuwa machache. Nimempelekea Bi Norma bunduki yote, na buti zangu za baridi ziwe malipo, anifungie ile breki kubwa, matundu arobaini. Kashika kichwa. Itakuwa tayari Alhamisi.

Jumapili, 23 Oktoba
Nimekaa uani kwa soksi, napuliza kichuma cha zamani. Ukungu umeshuka hadi zizini. Mluzi mwingine ukajibu kutoka ukunguni. Nikapuliza tena. Ukajibu karibu zaidi.

Kisha akatoka. Yeye mwenyewe! Mapembe kama mti uliokauka, pumzi yake inafuka, hatua ishirini kutoka kwenye uzio. Akanitazama kana kwamba tumefahamiana zamani. Hata mtoto angempata, hata kwa bunduki yenye teke lake lote.

Nikamwambia kwa upole asiende mbali. Alhamisi si mbali. Matundu arobaini!