Yamebaki Mawili Tu

Jumatatu, 3 Machi

Barua kutoka kwa wenye mtandao ninaouzia bidhaa! Wanadai mwezi uliopita watu wanne walinunua dukani kwangu vitu nisivyokuwa navyo. Oda moja tena nikishindwa kuipeleka, wanalifunga duka langu. Kelele zote hizi kwa mambo madogo! Mmoja aliagiza pasi, nikampelekea pole.

Mke wangu ni mtunza stoo wa hospitali, mtu anayehesabu hata pamba. Amesema duka likifungwa, Jumatatu ijayo naripoti kwa kaka yangu, kwenye matofali. Kaka atafurahi. Ananingoja na toroli tangu mwaka juzi.

Akaniuliza stoo yangu ina nini. Stoo ni nyuma ya kochi. Nikamwambia mfanyabiashara hahesabu, anahisi. Ndiyo maana kila kitu kwenye ukurasa wangu nimekiandikia kwamba vimebaki viwili tu. Wateja wanaingiwa na hofu, wananunua. Hiyo ni elimu. Yeye akaguna, akaendelea kukunja nguo.

Baya zaidi, nimepata mpinzani. Duka jipya la mtandaoni, eti Kipo Kweli. Jina gani hilo? Anauza makoti ya mvua ya watoto, ya manjano, kama yangu ya mwaka jana. Na bila haya ameandika: "Yamebaki 26." Nani anatangaza namba kama hiyo? Mvua zimeanza na watu wanamkimbilia yeye.

Jumanne, 4 Machi

Nikiwa nanyoa ndevu nimepata akili! Nitaagiza makoti yake yote. Malipo ni wakati wa kupokea, na mimi sitapokea. Ukurasa wake utasema yamekwisha, wateja watakuja kwangu mbio. Nimetumia laini yangu ya zamani na majina matano: Fundi Saa, Mama Keki, Baba Mapacha, Mwalimu Mstaafu na Dada Mpole. Kila mmoja makoti matano. Dada Mpole sita, kwa sababu ana roho nzuri.

Saa sita mchana: yamekwisha! Nilicheka peke yangu mpaka mama mkwe, anayeishi chumba cha nyuma, akachungulia na kuuliza kama naumwa. Siku hizi anajifungia kwa ufunguo, na humo ndani nasikia utepe wa gundi ukivutwa kutwa nzima. Uzee huo, nimemwacha.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yamejipa! Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea amekuta kwa Kipo Kweli patupu, akaja kwangu. Makoti thelathini! Watoto wana matembezi Ijumaa saa tatu asubuhi. Nikabonyeza "Nimekubali" kabla sijamaliza kusoma.

Kisha nikafungua daftari la stoo. Makoti ya manjano, mwezi wa sita: "Yameliwa na panya." Mwandiko wangu. Nakumbuka kidogo. Sikuyaona, mke wangu alitaka sababu, na panya hawawezi kujitetea. Nyuma ya kochi nakadiria yapo manne. Nimezunguka maduka yote ya jumla; wote wanasema mzigo unafika baada ya wiki mbili. Mji mzima makoti yako kwa mtu mmoja, na ameshawawekea watu watano.

Lakini watu wenyewe si ni mimi? Ishirini na sita na manne ni thelathini. Mungu hamtupi mja wake.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ngumu. Mpeleka mizigo wa pikipiki alipiga simu mara tano, nikapokea kwa sauti tano. Alianza na Dada Mpole. Sauti ikanishinda, nikaifunika kwa kikohozi. Kikanifaa, nikawagawia na wengine. Kila mmoja alimwomba mzigo auache kwa kinyozi, kona ya mtaa wetu.

Alipofika akanikuta mimi tu, akauliza wenyewe wako wapi. Nikamjibu wote wanaumwa kifua. Akachukua malipo, akaingia uchochoro unaokwenda nyuma ya nyumba yetu. Hata njia haijui, maskini.

Nilipofungua vifurushi nikashangaa. Koti la kwanza lina doa la wino wa bluu pindoni, sawasawa na lile nililolimwagia mwenyewe mwaka jana. Na yote yananuka dawa ya misuli, kama mama mkwe. Huyu mtu ananiiga mpaka madoa! Watu wengine hawana ubunifu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili na nusu nilikuwa shuleni. Sikuhesabu, haraka zilizidi. Mwalimu mkuu ndiye aliyehesabu, na watoto wakahesabu naye kwa sauti, wamepanga mstari. Wakafika ishirini na sita. Nikatoa mfuko wa nyuma ya kochi. Makoti mawili, na kitambaa cha meza cha plastiki.

Watoto wawili wakabaki wamenyoosha mikono. Mmoja akaniuliza, "Mjomba, la kwangu liko wapi?" Nikamvisha kitambaa cha meza, kikaburuza chini.

Mwalimu mkuu akasema yasipotimia anarudisha yote na kuwaandikia wenye mtandao. Nikaliona toroli. Kisha akapigia Kipo Kweli, simu iko kwenye spika. Mwanamke akaitikia. Sauti ile ndiyo inayoniamsha kila asubuhi! Akasema yapo mawili. Siku zote huweka mawili ya akiba, asiyoyaandika kwenye ukurasa. Yatafika baada ya robo saa. Halafu akauliza kama yule bwana aliyeleta mengine ana kikohozi.

Mawili yale yalipofika na watoto wote wakavaa, nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu amekaa na mama yake. Alinieleza kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. Makoti aliyakuta mwezi wa kwanza uvunguni mwa kitanda cha mama, nilikoyasukuma mwenyewe siku ya wageni. Aliponiuliza ni ya nani, nilimjibu yale yaliliwa na panya zamani, hata macho sikuyatoa kwenye simu. "Basi nikauza mali ya panya," akasema. Mama mkwe ndiye mfunga vifurushi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Laini yangu ya zamani waliitambua tangu kwa Fundi Saa.

Kwa hiyo nimenunua makoti yangu mwenyewe, kwa bei yao.

Jumapili, 9 Machi

Duka limepona! Mke wangu ameyaunganisha mawili yawe moja. Yeye meneja, mama mkwe mkuu wa vifurushi. Mimi nimepewa daftari jipya, penseli na kazi moja: kuhesabu miavuli iliyoingia jana, mmoja mmoja, kwa kidole, kabla hajarudi kutoka zamu. Nikikosea tena, matofali. Nikamwapia kwamba nimejifunza. Akanishika bega, akasema ananiamini. Maneno hayo yalinigusa sana.

Nilifika mwavuli wa tisa. Mara ikaingia oda: hoteli inataka miavuli mia mbili, kesho asubuhi! Bahati kama hiyo haingoji kidole cha mtu. Nimebonyeza "Nimekubali," na kwenye daftari nimeandika: miavuli, mia mbili. Katoni nimezitazama vizuri kutoka hapa kwenye kochi. Mtu mali yake anaijua kwa macho.