Mjapani wa Mbweni

Jumatatu, 14 Julai 2025

Wiki ya tatu bila Editha. Yuko kwa dada yake, Mabibo, pamoja na Noela, binti yetu wa miaka minane. Hiki chumba cha Chamazi kimekuwa kikubwa ghafla. Naongea na feni.

Kisa ni cherehani. Niliibadilisha cherehani yake na mashine ya bisi, yeye akiwa kanisani. Biashara ya uhakika! Mashine haikupata moto hata siku moja. Editha hakupiga kelele. Alikunja nguo zake, akakunja na zangu akaziacha kitandani, akaondoka.

Leo nimempigia. Kasema atarudi siku nitakayopata kazi ya kueleweka na kuacha porojo. Nikamwambia kazi nimeshapata. Sijui ilitokea wapi. Nikasikia mdomo wangu unasema napika kwa Mjapani, injinia, anakaa Mbweni, anaitwa bwana Nakamura.

Akauliza hao Wajapani wanakula nini. Nikamkaribisha Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, aje aonje mwenyewe.

Amekubali!

Sijui Wajapani wanakula nini.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata video kwenye simu. Tambi nene kwenye mchuzi mzito wa bizari, wenye kuku, karoti na viazi. Dakika ishirini tu! Mama wa Kijapani anapika huku anacheka. Editha naye alikuwaga anacheka jikoni. Nimezima simu kidogo.

Mchuzi wenyewe unauzwa umegandishwa vipande vipande, kama chokoleti. Nimeeleza hivyo dukani. Nimepewa chokoleti. Duka la pili wamenielekeza mjini, tena kwa kunionea huruma. Basi, nitautengeneza mwenyewe kwa siagi, unga wa ngano na bizari. Mjapani hayupo, nani atalalamika?

Jumatano, 16 Julai

Siku ya tambi. Unga, maji, chumvi. Unatia donge kwenye mfuko wa plastiki, unalikanyaga kwa miguu mpaka lilainike. Ndivyo wanavyofanya, nimeona kwa macho yangu.

Kwenye korido nikakutwa na Mwinshehe. Huyu ni jirani wa chumba cha pili, fundi wa friji, mtu wa hapa hapa pwani. Kila asubuhi anakwenda kazini, kila jioni wali wake wa nazi unanukia hadi kwangu. Editha alikuwaga akinitolea mfano wake. Simpendi. Akauliza nakanyaga nini. Nikamjibu siri ya kazi. Akauliza kazi gani. Nikaongeza kasi ya kukanyaga.

Nilizikata nyembamba, nikazitia kwenye maji ya moto. Zikakumbatiana zote. Ikatoka tambi moja, uzito wa tofali.

Nimeila. Hakukuwa na kingine.

Alhamisi, 17 Julai

Mchuzi wa majaribio. Siagi ikaungua, unga ukafanya madonge, moshi ukajaa korido. Mwinshehe akagonga akidhani nyumba inawaka. Hakuondoka. Akavuta kigoda, akapunguza moto, akanielekeza nitie unga kidogo kidogo na nisiache kukoroga, kisha bizari, kisha supu ya kuku kwa kijiko. Ukatoka laini, wa kahawia, unang'aa. Nikamwambia nilikuwa najua.

Akauliza namwandalia nani. Nikamwambia mpango wote, na Mjapani wake. Akasema kama ni yeye, angemwomba tu Editha msamaha wa cherehani.

Ushauri wa mtu asiye na mke!

Jumamosi, 19 Julai

Nimeanza saa tisa. Dakika ishirini za Japani ni saa tatu za Chamazi. Tambi nimenunua za pakiti, zile nene kuliko zote.

Wamefika saa kumi na mbili kamili. Noela akanirukia. Amerefuka! Wiki tatu tu! Editha alivaa gauni jipya la kitenge, kalishona kwa mkono. Nikauona mshono. Nikageukia sufuria.

Nikapakua kwenye mabakuli. Tambi chini, mchuzi juu, majani ya kitunguu. Noela akavuta tambi kwa sauti, mchuzi ukamrukia puani. Editha akacheka. Kile kicheko chenyewe! Akamaliza bakuli, akaongeza. Akafungua dirisha lake kama alivyozoea, akavua viatu. Akavua viatu!

Ningenyamaza hapo.

Noela akaniuliza kama Mjapani ana watoto. Nikampa wawili. Nikampa na mbwa. Nikampa ndevu, bustani, gari lenye televisheni, na chai niliyompikia leo asubuhi. Noela akataka kesho twende tukamsalimie. Nikasema haiwezekani, amesafiri kwao tangu Jumatatu.

"Si umesema leo asubuhi ulimpikia chai?" Editha akauliza.

"Amerudi mara moja kuchukua miwani."

"Kutoka Japani?"

Nikasema ndiyo.

Akaweka uma chini, taratibu.

"Baba Noela, hiki chakula umejifunza wapi?"

"Kwa Nakamura."

"Nakuuliza tena."

Nilikuwa na nafasi. Niliiona kabisa, imekaa pale mezani baina ya mabakuli. Nikasema, "Nakamura anakusalimia sana."

Akavaa viatu.

"Ni kitamu," akasema mlangoni. "Ungeniambia umejifunza mwenyewe kwa ajili yangu, ningelala hapa leo. Na lile neno moja la cherehani bado nalisubiri."

Noela aliniaga kwa mkono mpaka wakakata kona. Nimeosha mabakuli matatu. La Noela nimeliosha mara mbili.

Jumapili, 20 Julai

Sijatoka. Mchuzi uliobaki umeganda vipande vipande. Sasa ndio unafanana na chokoleti.

Mwinshehe kaleta wali. Nimeupokea bila kumwangalia.

Jumanne, 22 Julai

Nimewaza siku mbili na kosa nimeliona. Editha hakuwa na ushahidi! Mtu mzima unamweleza habari za Mjapani, hajawahi kumsikia, ataaminije?

Nimeweka laini mpya. Nimemwandikia: "Habari Mama Noela. Mimi Nakamura. Albano ni mpishi mzuri sana. Mimi nimerudi kuchukua miwani kweli. Tafadhali rudi nyumbani." Kiswahili nimekivunjavunja kidogo, nikakiona bado kizuri mno, nikakivunja tena.

Baada ya saa nzima amejibu: "Asante bwana Nakamura. Pole na safari. Mwambie Albano kesho nafuata nguo za shule za Noela. Aache ufunguo kwa Mwinshehe. Asinisubiri."

Amejibu! Na heshima juu, "bwana Nakamura". Hata pole ya safari kampa. Mie mumewe sijapewa pole mwaka mzima.

Kwa hiyo anamwamini. Kesho Mjapani atampigia simu. Tangu mchana nafanya mazoezi ya sauti, nzito, ya tumboni. Mwinshehe amegonga ukuta kuuliza kama naumwa.

Nimemjibu kwa Kijapani.